Mume wangu anasema begi la dharura ni kujichuria

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbeya mjini, kwenye mitaa iliyopanda mlimani. Mkubwa yuko kidato cha kwanza, wa kati darasa la tatu, na wa mwisho bado namnyonyesha. Tunaishi na mama mkwe, ambaye anaumwa presha na sukari. Mume wangu ni dereva wa malori, anatoka Dar kwenda Tunduma na mara nyingine anavuka mpaka, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tunabaki mimi, watoto na bibi yao.

Msimu wa mvua uliopita jirani alitugongea usiku wa manane akasema udongo wa juu umeanza kukatika. Umeme haukuwepo. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikawa napapasa gizani kutafuta ufunguo wa grili huku watoto wanalia. Tulishuka kanisani tukalala huko na majirani mpaka mvua ilipotulia. Namshukuru Mungu, nyumba yetu haikuguswa. Lakini kule kanisani mama alikaa bila dawa zake, mtoto alikuwa na nguo moja tu na imelowa, na simu yangu iliisha chaji kabla sijampata mume wangu. Yeye alisikia habari akiwa njiani, akapiga mpaka kunakucha hatupatikani.

Tangu hapo nataka niwe na begi la dharura, la kututoa siku mbili tatu. Nimeona mitandaoni watu wakionyesha mabegi yao, ila ni vyakula vya kopo, mahema na majiko madogo ya gesi. Mimi nauza mboga Mwanjelwa, hela hiyo sina. Nilipomweleza mume wangu, alikasirika. Alisema ninawachuria, kwamba anayefunga mzigo bila safari anaita balaa. Mama mkwe naye anasema amekulia Tukuyu, mvua anazijua, na hatoki tena kwake usiku kuacha nyumba na kuku bila mlinzi.

Naanzia wapi, Shangazi? Niweke nini, na hawa wawili niwaambieje? Au suluhisho ni kuhama tu?

Mama wa Watatu, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa usiku ule.

Nianze na baba watoto, maana bila yeye utafunga begi kwa kujificha, na begi la kujificha halimsaidii mtu. Muulize kwa upole siku akiwa ametulia: kwenye lori lake kuna nini? Kuna spea tairi, jeki, pembetatu za kuweka barabarani na mtungi wa kuzimia moto. Anapoondoka Dar na vitu hivyo, hakuna anayemwambia anajitakia ajali kwenye mteremko wa Kitonga. Familia yake inaishi kwenye mteremko, na begi ndiyo spea yao. Halafu mkumbushe yaliyotokea karibu na kwenu. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere uliporomoka kule Itezi, jijini humo humo Mbeya, ukafukia nyumba za watu na majengo ya shule. Miezi michache kabla, Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilishukia Katesh mkoani Manyara na kuua zaidi ya watu 80. Hakuna kati yao aliyeyaita kwa kufunga begi.

Na mpe kazi. Mwanaume aliyelala njiani akipiga simu zisizopokelewa ana hofu yake, na mara nyingi hasira ndiyo inayotangulia hofu. Mwambie akuchagulie tochi nzuri, akuandikie kwa mkono namba zote muhimu, na mkubaliane ni ndugu gani wa nje ya Mbeya, wa Iringa au wa Makambako, atakayepokea habari za pande zote mbili. Mtandao ukielemewa, ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale simu ya kuongea inapokataa. Wewe unamwandikia yule ndugu "tuko salama, tuko kanisani", na mumeo anauliza kwake.

Sasa begi lenyewe. Orodha hizo ulizoziona zina kosa moja ambalo kwako ni kubwa kuliko bei: zimeandikwa kwa mtu mwenye gari. Chukua maji ya kunywa peke yake. Lita tatu kwa mtu kwa siku, mko wanne wa kunywa maji, siku tatu: hizo ni lita 36, yaani kilo 36 kabla hujaweka hata kipande cha mkate. Nani atazibeba usiku, kwenye utelezi? Wewe mgongo una mtoto. Kichwani usibebe kitu, kwa sababu mikono yako miwili inatakiwa kushika tochi na kumshika bibi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niweke nini", uliza "nani anabeba". Nyumba yako ina wabebaji wawili na nusu, na mizigo igawanywe hivi.

Wa kidato cha kwanza abebe begi kubwa, na begi kubwa maana yake ni begi la shule la kawaida, siyo zaidi. Lipime kwa kumfanya apande nalo kilima chenu bila kupumzika. Akihema sana, punguza. Wewe vaa mkoba mdogo wa kupitisha begani, ukae kifuani, wenye karatasi, fedha, simu na vitu vya mtoto. Mama mkwe awe na kijikoba chake cha dawa, na kiwe chake kweli, chenye khanga yake na miwani yake. Wa darasa la tatu asibebe chochote isipokuwa filimbi shingoni. Kazi yake ni kushika nguo ya kaka au dada yake na kutoiachia.

Ufunguo wa grili utundikwe msumarini karibu na mlango, mahali pamoja siku zote, kila mtu mzima na yule mkubwa wakipajua hata wakiwa wamefumba macho. Hili lifanyeni leo, kabla ya begi. Watu wengi tumejifungia ndani kwa kuogopa wezi, na ni sawa, ila ufunguo unaolala chini ya godoro la mtu mmoja ni hatari kwa wote.

Karatasi ndizo zinazosahaulika na ndizo zinazoumiza baadaye. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki ya mtoto, vitambulisho vya NIDA, kadi za bima kama mnazo, vyeti vya shule, hati au mkataba wa kiwanja. Vitu halisi viweke kwenye mfuko wa nailoni mzito, ukunje mdomo na kuufunga kwa mpira, kisha uingize ndani ya mfuko wa pili. Piga picha za kila karatasi na umtumie mumeo pamoja na yule ndugu wa nje. Atakayepoteza cheti ataanzia polisi kuchukua taarifa ya upotevu, halafu ofisi moja baada ya nyingine, nauli juu ya nauli. Kwa mwenye kiwanja mlimani, karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba nyumba iliyofukiwa ilikuwa yake.

Kwenye mfuko huo huo weka fedha taslimu, tena chenji: sarafu za 500, noti za elfu moja na elfu mbili. Hela ya kwenye simu ni nzuri mpaka umeme ukatike, na wakala naye awe amekimbia kama wewe. Huna haja ya kuziweka kwa siku moja. Kila ukifunga hesabu ya mboga, dondosha kidogo, na usizikope.

Dawa za mama. Hapa nakuomba uwe mkali. Mgonjwa wa presha akikatisha dawa ghafla, presha inaweza kupanda vibaya, na usiku wa kukimbia tayari umeipandisha. Siku ya kliniki mwelezeni daktari kwamba mnaishi eneo la maporomoko na mngependa akiba ya wiki moja. Akiba hiyo isikae mpaka ioze: dawa mpya zikija zinaingia kwenye kijikoba, za kijikobani ndizo anazoanza kumeza. Andikeni pia kikaratasi chenye majina ya dawa na vipimo, ili hata kama kila kitu kimepotea, muuguzi wa zahanati yoyote aelewe. Na kwa sababu ana sukari, kijikoba kiwe na pakiti ya glukosi au sukari ya kawaida. Akitembea sana bila kula anaweza kuanza kutoka jasho, kutetemeka na kuongea yasiyoeleweka. Hapo mpe sukari mara moja, usisubiri chakula kiive.

Kuna wasomaji wangu, Njombe, Makete, Mbeya na kwingineko, wanaotumia dawa za kufubaza VVU na hawajawaambia watu wote nyumbani. Hizo nazo ziwe na kijikoba chake pamoja na kadi ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU. Si lazima yeyote ajue kilichomo. Ukikwama mbali na kituo chako, nenda na kadi kwenye CTC iliyo karibu ujieleze, lakini usiruke siku.

Turudi kwenye begi kubwa. Huku kwetu nyanda za juu, kitakachowatesa kwanza ni baridi kabla ya njaa. Mtoto aliyelowa usiku wa Mbeya anapoteza joto haraka, na kichanga haraka zaidi. Kwa hiyo nusu ya begi iwe nguo kavu: seti moja kwa kila mtu, soksi, kofia za sufu za watoto, sweta la bibi, blanketi moja jepesi, zote ndani ya mifuko ya nailoni iliyofungwa. Usiamini begi kwamba halipitishi maji. Ongeza vipande vya nailoni nzito ile ya kupimiwa dukani kwa mita, kimoja cha kutandika sakafuni na vingine vya kujifunika njiani. Vinashinda hema kwa sababu mtalala kanisani au darasani, hamtalala porini. Mkifika, mvueni mtoto nguo mbichi kwanza, mkaushe kichwa, kisha mkumbatie ngozi kwa ngozi ndani ya blanketi. Na tafadhali, mtu akileta jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili watu wapate joto, mkatalieni bila haya. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Imeua familia nzima nzima zikiwa zimelala.

Maji bebeni chupa mbili za lita moja na nusu, na vidonge vya kutibu maji vinavyouzwa duka la dawa, ambavyo havina uzito wowote. Fuateni maelezo ya pakiti. Mkipata moto, chemsheni: yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha kwa mjini Mbeya, lakini kwa ndugu zetu wa Kitulo na sehemu za Makete, juu ya mita 2,000, iwe dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajapata joto lile la bondeni. Chumvi kidogo na sukari ziwemo, maana tumbo la kuhara halikosekani watu wakijaa sehemu moja. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Chakula kisikuumize kichwa. Karanga zilizokaangwa, kashata, biskuti, mahindi ya kukaanga. Kitu kisichohitaji moto. Kwa bibi weka karanga na biskuti zisizo na sukari nyingi. Wewe ndiye chakula cha kichanga, kwa hiyo ule na unywe maji hata kama huna hamu. Chupa ya kunyonyeshea sipendi uibebe, kuitakasa huko ni kazi. Bebeni kikombe na kijiko.

Vingine vinajaa kwenye mfuko wa pembeni: sabuni, pedi zako na za binti kama mkubwa ni binti, nepi za kitambaa, plasta na bandeji, kisu kidogo, kibiriti ndani ya nailoni. Tochi iwe ya betri, na betri zikae nje ya tochi zisije zikavuja. Simu ya kitochi ya zamani, kama ipo kabatini, ina thamani kuliko unavyodhani, maana chaji yake inakaa siku nyingi. Na namba ziandikwe kwenye karatasi. Namba ya mumeo iandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya kola za nguo za watoto wote watatu. Ongeza 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi, zote hazina malipo.

Kuhusu lini mtoke. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mimi ningefanya hivi: siku ya angalizo, begi linashuka kutoka juu ya kabati na simu zinajazwa chaji. Siku ya tahadhari, mnalala na nguo za kutokea na viatu mlangoni. Ikitangazwa tahadhari kubwa kwa Mbeya, hamsubiri jirani agonge. Mnakwenda kulala kwa ndugu sehemu tambarare mchana, jua likiwepo. Lakini mlima hausubiri redio. Ukiona nyufa mpya ardhini juu ya nyumba, miti au nguzo za umeme zimeanza kuinama, milango iliyokuwa ikifunga vizuri sasa inagoma, au maji ya korongo yameingia tope ghafla, ama yamepungua wakati mvua bado inanyesha, tokeni. Mvua kukatika siyo ruhusa ya kurudi. Udongo ulioshiba maji unaweza kushuka baadaye, jua likiwa limeshatoka.

Tembeeni njia hiyo mchana, familia nzima, kabla ya Novemba. Njia isipite korongoni wala kuvuka kidaraja cha miti. Maji yanayokimbia yakifika nusu ya goti tu yanatosha kumwangusha mtu mzima, sembuse bibi. Na mkisikia mngurumo juu yenu, kimbieni kwenda pembeni, mtoke kwenye njia ya tope, msishindane nalo kushuka. Kisha rudieni zoezi hilo usiku, taa zimezimwa. Mtajifunza mengi kwenye zoezi hilo kuliko kwenye barua yangu.

Wasomaji wa Kyela na wa Pawaga kule Iringa, kwenu maji hupanda, na mara nyingi mnapata muda kidogo. Begi ni lile lile, ila mbegu, magodoro na karatasi zipandisheni darini mapema, na msisubiri mpaka mtolewe kwa mtumbwi. Na nyumba yoyote ikishika moto, sahau begi. Toka na watu.

Mama mkwe usimtishe na usimburute. Kwamba mvua za Tukuyu ni kubwa, ana haki, zinanyesha karibu mwaka mzima. Ila mwambie kwa heshima: "Mama, mtoto huyu nikimbeba mimi, nani atamwongoza mwenzake wa darasa la tatu kwa sala na kwa sauti anayoijua?" Mtu mzima hukataa kuokolewa kama mzigo. Akipewa kazi ya kuokoa, atatoka. Kuhusu wezi, ongeeni na majirani na balozi wa nyumba kumi mapema, vijana wa ulinzi shirikishi wakae chini, barabarani, pasipo na hatari, waangalie wanaopanda. Hakuna mtu wa kubaki ndani akilinda televisheni. Banda la kuku liachwe wazi. Mwenye ng'ombe afungue kamba, mnyama aliyefunguliwa hujua pa kukimbilia.

Kuhama. Begi linakutoa usiku mmoja, haliufanyi mlima ukae imara. Kama juu ya nyumba yenu kuna ufa unaoonekana, maoni yangu ni kwamba miezi ya Machi na Aprili mpange chumba tambarare hata kama ni kimoja, au mgawane kwa ndugu. Kama hakuna ufa, kuna mambo ya kufanya sasa: msiendelee kuchonga mlima nyuma ya nyumba ili kuongeza uwanja, maji ya bati yapewe mtaro wa kuyapeleka pembeni badala ya kuzama hapo hapo mteremkoni, na mashamba ya juu yalimwe kwa makingamaji. Hayo huyawezi peke yako. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya mtaa, kwa hiyo nendeni kwa mwenyekiti wenu mkiwa majirani wengi, mkaulize kamati yenu ina nani, kanisa lile limeandikwa kama mahali pa kukimbilia au la, na mtaalamu wa jiji atakuja lini kuukagua mteremko. Pelekeni ombi hilo kwa barua iliyosainiwa na kaya zote, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.